Kiatu Kilichopwaya: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Aliyetaka Kuacha Mafunzo ya Kazini Siku ya Tatu

Kisa hiki kinahusu mwanafunzi mmoja, karakana moja na siku kumi. Majina, mahali na baadhi ya maelezo yameondolewa ili wahusika wasitambulike. Mwanafunzi, mzazi wake na fundi mkuu wamekubali kisa kiandikwe. Nakiandika kama mratibu wa programu, na sehemu kubwa ya yaliyoharibika ilitoka mikononi mwangu.

Usuli

Programu yetu huwapeleka wanafunzi wa sekondari, wenye umri wa miaka 15 hadi 17, kwenye sehemu za kazi kwa siku 10 mfululizo. Hatutarajii mtu atoke humo akiwa fundi. Tunataka aiguse kazi kwa mikono yake kabla hajachagua masomo ambayo baadaye ni vigumu kuyabadili.

Haja hii haiko kwetu tu. Ripoti ya mwaka 2020 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliyotumia takwimu za mwaka 2018 za PISA, upimaji wake wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ilionyesha kwamba katika nchi 41 asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 walitarajia kufanya mojawapo ya kazi 10 tu watakapofika miaka 30. Fomu zetu zinasema hivyohivyo: daktari, mhandisi, mwanasheria, mwalimu, halafu daktari tena. Kijana huchagua kati ya kazi anazozijua kwa jina, na majina anayoyajua ni machache.

Binti wa kisa hiki alikuwa na miaka 16, hodari wa fizikia, mkimya darasani. Aliandika kwamba anataka kuwa mhandisi wa umeme. Palipoulizwa kama amewahi kumwona mtu akifanya kazi hiyo, alijibu kwa neno moja: hapana.

Kampuni iliyokuwa imekubali kumpokea ilijitoa siku nne kabla ya kuanza. Katika kuhangaika nikapata karakana ndogo ya kusuka mota, yenye mafundi watano, wanaume watupu. Kwa asiyeijua kazi hiyo: mota ya umeme ikiungua, nyaya zake za shaba hutolewa zote, vipimo vyake hunakiliwa, kisha koili mpya husukwa na kuingizwa mahali pa zile za zamani. Ni kazi ya hesabu, subira na vidole. Nilimpigia fundi mkuu, akakubali. Tulizungumza kama dakika tano hivi. Nilimweleza tarehe, umri wa mwanafunzi na habari za bima. Atajifunza nini pale, sikumwambia, kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijalifikiria.

Siku tatu za kwanza

Siku ya kwanza alikaribishwa vizuri, akatembezwa karakana nzima kwa robo saa, kisha akapewa kigoda karibu na mlango, pembeni ya meza ya mapokezi. Akakabidhiwa daftari la kuandikisha mota zinazoingia: jina la mteja, nguvu ya mota, kasi yake, tatizo kama mteja anavyolieleza. Jioni alifagia.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Siku ya tatu mota kubwa ilifunguliwa mita chache kutoka alipokaa. Mafundi wote waliizunguka, wakawa wanaelekezana jambo kwa vidole. Yeye alibaki kwenye kigoda. Kila mwanafunzi wetu huandika kumbukumbu za siku, na zake za siku hiyo zilikuwa fupi: "Nimeandikisha mota nne. Nimefagia. Hakuna aliyeniita. Nadhani uhandisi si kazi yangu."

Alinitumia ukurasa huo saa kumi na mbili jioni, akaongeza kwamba angependa kurudi shuleni kesho yake.

Jioni ya siku ya tatu

Nilikwenda kuzungumza naye uso kwa uso, mama yake akiwepo. Kabla ya kugusa habari za taaluma, niliuliza maswali ambayo mratibu yeyote anapaswa kuanza nayo mtoto anapotaka kuondoka kazini ghafla. Je, kuna aliyekugusa au kukutolea maneno yaliyokukera? Umewahi kuachwa peke yako na mtu mmoja katika chumba kilichofungwa? Umeagizwa jambo ukaogopa kulikataa? Kisha nilimwomba mama atuache kidogo, nikayarudia maswali yaleyale, maana kuna mambo mtoto hawezi kuyatamka mbele ya mzazi.

Majibu yote yalikuwa hapana. Kama hata moja lingekuwa ndiyo, uchambuzi huu ungeishia hapo: mwanafunzi angeondolewa jioni hiyo bila mjadala, na sisi tungeendelea na hatua za ulinzi wa mtoto. Nalisema hili wazi kwa sababu yanayofuata yanahusu mwanafunzi aliyekuwa salama na aliyekata tamaa. Yasije yakatumiwa kumbakiza mtoto mahali pabaya kwa kisingizio cha kumfundisha uvumilivu.

Nikamuuliza tena: katika mota zote zilizofunguliwa siku tatu hizi, umeona nini kikifanyika ndani ya hata moja?

Akafikiri kidogo. "Sijaona, mwalimu. Nimeona migongo."

Uamuzi na sababu zake

Tulikuwa na njia tatu: kumrudisha shuleni, kumhamishia ofisi ya mkandarasi iliyokuwa na nafasi wazi, au kumbakiza karakanani na kubadili hali ya pale. Mwenzangu katika programu alitaka ahamishwe, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema siku tatu kati ya kumi zimekwisha kupotea, mwenyeji ameshaonyesha hayuko tayari, na si haki kumfanya mtoto alipie uzembe wa watu wazima.

Nilipendekeza abaki. Kilichonisukuma ni lile neno "migongo". Binti alikuwa amefikia hukumu kubwa juu ya maisha yake bila kuonja kazi yenyewe. Alichoonja ni kigoda. Angehama jioni ile, angeondoka na hukumu hiyo mkononi, na kule ofisini asingekutana na chochote cha kuipinga. Pia sikuwa nimemsikia fundi mkuu, na mtu asiyesikilizwa hahukumiwi.

Hata hivyo uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Nilimwomba siku mbili tu, kisha yeye ndiye aamue, na nikamwahidi kwamba akisema anaondoka sitamshawishi tena. Alikubali kwa sharti moja: fundi asiambiwe kwamba amelalamika. Nilikubali. Ziara yangu ya kawaida ilikuwa wiki ya pili. Niliiwahisha nikaifanya asubuhi iliyofuata.

Asubuhi karakanani

Nilimkuta fundi mkuu akipanga vifaa. Nilimuuliza anaendeleaje na mwanafunzi, naye akashusha pumzi kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Mwalimu, mtoto huyu nimekabidhiwa. Amekuja na raba. Viatu vyetu vya usalama, hata vile vidogo kabisa, vinampwaya. Kiatu kikipwaya mtu anajikwaa. Rota, hiki chuma kinachozunguka ndani ya mota, ikimwangukia mguuni, mzazi wake nitamwambia nini?"

Sakafuni palikuwa na mstari wa njano. Ndani yake haingii mtu bila viatu vya usalama. Kigoda cha binti kilikuwa hatua moja nje ya mstari huo, na hapo ndipo palipokuwa karibu zaidi na kazi bila kuvunja kanuni. Fundi alikuwa amepapima.

Kwake, kigoda kilikuwa namna ya kumlinda. Binti alikisoma vingine, kama alivyoniambia baadaye: "Nilidhani wameona msichana hawezi." Siku tatu walipita karibu karibu, wakasalimiana asubuhi na kuagana jioni, na habari ya viatu haikutajwa. Fundi aliona sababu iko wazi. Binti alikuwa mgeni, hakuona kama ana haki ya kuuliza.

Jozi ya ukubwa wake ilipatikana mchana huohuo, kwenye stoo ya shule yetu. Ilikuwapo muda wote.

Mpango wa kazi

Tulikaa watatu, fundi, binti na mimi, tukagawa karatasi moja katika safu tatu: kazi za kutazama, kazi za kusaidia, na kazi za kufanya mwenyewe. Kazi zilitoka kwa fundi. Kwangu yalitoka maswali tu, hasa hili: ukipata mwanagenzi mpya, unamwanzishia wapi?

Kabla ya safu hizo tuliandika yaliyokatazwa: majaribio ya umeme, tanuri ya kuchomea koili za zamani, vanishi ya kugandishia koili na mvuke wake, na kunyanyua vitu vizito. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi inayoweza kuhatarisha afya, usalama au maadili ya kijana, na unaruhusu kushuka hadi 16 pale tu penye ulinzi kamili na mafunzo mahsusi. Kwa programu ya siku kumi, mafunzo hayo hayawezekani. Kwa hiyo vitu hivyo alivitazama kwa mbali au hakuvitazama kabisa. Orodha ya makatazo ilimtuliza fundi. Alipojua pasipogusika, akawa mwepesi wa kutoa panapogusika.

Siku saba zilizobaki

Kazi yake ya kwanza ya kufanya mwenyewe ilikuwa kunakili vipimo vya mota kabla haijavuliwa nyaya. Hapo ndipo mota inapopona au kufa, maana nyaya zikishatolewa hakuna pa kurejea kuuliza. Unahesabu mifereji ya stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, unahesabu mizunguko ya kila koili, unaangalia koili inaruka mifereji mingapi, unachora zilivyounganishwa, unapima unene wa waya.

Mota ilikuwa ya mifereji 36. Akahesabu mizunguko: koili ya kwanza 48, ya pili 47. Akaandika 48 kwa zote, akidhani tofauti ya mmoja si kitu. Fundi alitazama karatasi, hakusema kosa liko wapi. "Hesabu ya tatu," akamwambia. Ikatoka 48. Akairudia ile ya pili, na waya mmoja ulikuwa umejificha nyuma ya mwingine, umegandishwa na vanishi.

Kisha unene. Alishika kipande cha waya kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo, akasoma milimita 0.87. Fundi akakichukua, akakipitisha kwenye moto mdogo, akakifuta kwa kitambaa mpaka shaba ikang'aa, akamrudishia. "Pima tena." Ikawa 0.80. Mara ya kwanza alikuwa amepima shaba pamoja na ngozi yake ya insulesheni, ile inayozuia umeme usivuje. Kama wangeagiza waya kwa kipimo cha kwanza, ungekuwa mnene kuliko unaotakiwa, na koili zisingeenea kwenye mifereji. Nilikuwepo siku hiyo. Binti alikitazama kile kipande kwa muda mrefu, kisha akafuta namba ya kwanza kwa mstari mmoja, akaiacha isomeke, akaandika ya pili pembeni.

Siku ya saba aliingiza koili kwenye stata ya mazoezi kwa saa mbili. Hakuipenda kazi hiyo. Vidole vilimuuma na alichoka kurudia jambo lilelile, akaandika hivyo bila kupamba. Niliufurahia ukurasa ule kuliko alivyodhani, kwa sababu sasa kutopenda kwake kulikuwa na jina la kazi fulani.

Siku ya nane ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilifunguliwa mota iliyoungua ya fezi tatu, yaani inayolishwa na njia tatu za umeme. Alisimama ndani ya mstari, akachungulia, akaona vichwa vya koili vimepangika kwa namna ya ajabu: vikundi viwili vyeusi, kimoja bado kina rangi yake, viwili vyeusi, kimoja safi, kuzunguka mpaka mwisho. Akauliza kwa nini moto umeruka. Fundi akamweleza kwamba moto haukuruka. Mota iliyounganishwa kwa nyota, yaani koili za fezi zote tatu zikikutana ncha moja, ikikosa fezi moja ilhali inafanya kazi, hulazimika kuvuta umeme mwingi kwa fezi mbili zilizobaki. Hizo mbili huungua, na ile iliyokatika hubaki nzima. Ingekuwa imeunganishwa kwa delta, yaani koili zikishikana kama pembetatu, ungeona kinyume: fezi moja imeungua, mbili zimesalimika. Kuungua kuna mwandiko wake.

Binti akarudi mezani, kwenye daftari la mapokezi, lile alilolichukia siku tatu. Akalifungua kurudi nyuma. Mteja mwenye mota hiyo alikuwa ameleta nyingine siku ya kwanza ya mafunzo, na mwandiko wa kuandikisha ulikuwa wake mwenyewe. Kurasa za miezi ya nyuma zilikuwa na nyingine tena, mteja huyohuyo. Akamwonyesha fundi. Fundi akachukua simu, akamweleza mteja aangalie upande wake kabla hajaipokea mota iliyosukwa. Siku mbili baadaye mteja alijibu kwamba mguso mmoja wa kontakta, swichi inayowasha na kuzima mota, ulikuwa umeliwa na cheche, fezi moja ikawa inashika na kuachia. Mota zilikuwa zikisukwa na kurudi kuungulia palepale.

Matokeo

Alimaliza siku zote kumi. Katika kikao cha mwisho yeye mwenyewe alimwambia fundi habari ya siku ya tatu. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ningekueleza siku ya kwanza, binti yangu."

Alipoulizwa amejifunza nini juu ya kazi anayoitaka, hakutaja uhandisi wala ufundi. Aliandika kwamba anapenda kutafuta kwa nini kitu kimeharibika, hapendi kurudia mwendo mmoja wa mikono, na angependa kujua kazi zipi zina la kwanza kwa wingi na la pili kwa uchache. Tukaanzia hapo kumtafutia mafunzo ya pili. Mwaka uliofuata alikaa siku kumi katika kitengo cha matengenezo cha kiwanda. Ameendelea na fizikia na hisabati. Ataishia kuwa nani, hilo ni lake na bado ana muda.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kuichukua kauli ya "si kazi yangu" kama taarifa kamili. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977 kuhusu mtu kujiamini kwamba analiweza jambo, aliweka kufanikiwa kwa mikono yako mwenyewe kuwa chanzo chenye nguvu kuliko kutazama wengine au kutiwa moyo kwa maneno. Watafiti Lent, Brown na Hackett waliichukua hoja hiyo mwaka 1994 wakaieleza kwa upande wa taaluma: mtu huvutiwa na mambo anayoamini anayaweza na anayotarajia yatamzalia matunda. Ukiisoma hivyo, binti wa siku ya tatu hakuwa amepoteza hamu ya uhandisi. Alikuwa amenyimwa chanzo cha kwanza, na cha pili amekipata kwa kutazama migongo. Maneno yangu ya kumtia moyo yasingeziba pengo hilo. Lilizibwa na kipande cha waya kilichopimwa mara mbili.

La pili ni namna fundi alivyofundisha. Hakumwambia jibu la 47 na 48, wala la 0.87. Alimrudisha kwenye kitu chenyewe. Mimi ni mwalimu kwa miaka mingi, na sidhani kama ningejizuia vile.

Kuhusu daftari la mapokezi, nasita kulihesabu kama mafanikio ya mpango. Hatukulipanga lizae matunda. Lakini linaonyesha kwamba kazi ndogo haina ubaya ikiwa mwanafunzi anaona inaunganika na nini. Siku tatu za kwanza hakuona, kwa hiyo alikuwa karani. Siku ya nane alijua mota inaunguaje, na kurasa zilezile zikawa ushahidi.

Makosa yetu yalianzia kwenye ile simu ya dakika tano. Mwenyeji alipewa tarehe na umri, akaachwa abuni mengine. Mtu mwema asiyepewa maelekezo huchagua usalama, na usalama wa haraka ni kumkalisha mtoto mbali. Viatu vingeulizwa kwa sentensi moja. Siku tatu kati ya kumi zilipotea kwa sentensi ambayo haikusemwa.

Kosa jingine lilikuwa fomu ya kumbukumbu za siku. Iliuliza, "Je, umeifurahia kazi leo?" Swali hilo linamwita mtoto ajihukumu kila jioni, hata siku ambayo hakufanya lolote. Sasa inauliza: leo umefanya nini kwa mikono yako, umeona nini kikifanywa, na ni lipi ungetaka kulirudia au kutolirudia kesho? Mwanafunzi akiacha swali la kwanza wazi siku mbili mfululizo, tunapiga simu siku hiyohiyo.

Nilikosea pia kumpeleka msichana mmoja mahali penye wanaume watupu bila kwanza kuzungumza naye habari hiyo, na bila kukagua mambo ya msingi kama choo na pa kubadilishia nguo. Alisoma kigoda kama hukumu juu ya usichana wake kwa sababu hakuna aliyemwandaa kwa usomaji mwingine wowote. Kwamba fundi aligeuka kuwa mlezi mwema ni bahati yetu, na bahati si utaratibu.

Kuhusu ahadi ya kutomwambia fundi malalamiko, mwenzangu nami bado hatukubaliani. Yeye anasema tulimnyima mwenyeji nafasi ya kujirekebisha akijua anachokirekebisha. Mimi naona ahadi ile ndiyo iliyompa binti ujasiri wa kurudi asubuhi ya siku ya nne, na ndiyo iliyomwachia aseme mwenyewe alipokuwa tayari. Hoja ya kumhamisha nayo sijaitupa. Fundi angekuwa na sababu mbaya ya kumweka kwenye kigoda, kubaki kungekuwa kosa, na ningejua tu baada ya siku nyingine mbili kupotea.

Tulichobadilisha

Sasa kila mwenyeji hutembelewa kabla mwanafunzi hajafika, na karatasi ya safu tatu hujazwa naye palepale, ikianza na makatazo. Mratibu hurudi siku ya pili badala ya wiki ya pili. Mwanafunzi huenda akiwa na vifaa vyake vya kinga vilivyojaribiwa shuleni.

Fundi mkuu tulimpigia mwaka huu kumwomba ampokee mwanafunzi mwingine. Kabla hajauliza jina, umri wala tarehe, aliuliza anavaa kiatu namba ngapi.